Motokaa Iliyozoea Uchafu

Ndugu msomaji, labda wewe huna motokaa. Si kitu, soma tu. Pengine kaka yako anayo, au shemeji yako, au kijijini kwenu yupo mtu mmoja mwenye gari la kupeleka mboga sokoni, na usiku mgonjwa akizidiwa ndiye mtakayekwenda kumgongea mlango. Gari la namna hiyo likiwa na ugonjwa, wote mmo hatarini, si mwenye gari peke yake. Ndiyo maana nataka kukueleza yaliyotupata sisi.

Mimi si fundi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikastaafu, na sasa nalima karoti na kabichi huku milimani Usambara, upande wa Lushoto. Gari letu ni Toyota ndogo ya mwaka 2005, ambayo ilifika kwetu baada ya kutumika miaka mingi kwao Japani. Twalipenda gari hilo. Limewasomesha watoto wawili, na mtoto wa tatu bado linamsomesha.

Basi, mwezi wa Juni mwaka 2024 betri ilikufa. Nilikwenda mjini, nikanunua betri mpya, na mwenye duka akanifungia yeye mwenyewe pale pale nje ya duka. Gari likawaka mara moja. Lakini nilipofika njia panda na kuondoa mguu kwenye mafuta, lo! injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa, kisha ikazima. Nikaiwasha, ikakubali. Nikafika nyumbani, na nilipokuwa naegesha ikazima tena kabla sijagusa ufunguo.

Wewe ungefikiri nini? Saa nne gari zima, ila betri tu imekufa. Saa tano limefungwa betri mpya. Saa sita linazima njiani. Mimi nilifikiri vile vile. Kesho yake nilirudi dukani na maneno makali, nikamwambia yule bwana mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia takataka. Hakukasirika. Alileta kipimo chake, akapima, akanionyesha. "Mwalimu, betri haina neno," alisema. Nikamjibu kwamba labda kipimo nacho amekinunua pale pale alikonunua betri. Watu walicheka, nami nikaondoka nikijiona mshindi. Nayaandika haya kwa aibu, lakini bila haya habari yangu haitakuwa kamili.

Yapata majuma mawili nikaendelea kuliendesha hivyo hivyo. Nilijifunza hila: kila nikisimama, mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia unagusa mafuta kidogo lisizime. Hila hiyo ni mbaya, usiifuate. Inakuzoesha kuishi na kasoro mpaka siku kasoro itakapokuchoka.

Siku yenyewe ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai. Wajua baridi ya Julai huku kwetu, ukungu haupandi mpaka saa tatu. Nilibeba magunia ya karoti, na mke wa jirani yangu na mtoto wake mchanga walikuwa wanashuka Mombo kupanda basi la Tanga. Tulipita Soni salama. Kama umewahi kushuka barabara ile, wajua ilivyo baada ya Soni: kona baada ya kona, huku mwamba, huku korongo, na mto unausikia tu huko chini. Nilikaribia kona moja kali, nikaondoa mguu kwenye mafuta ili kupunguza mwendo. Injini ikanyamaza.

Msomaji, injini ikizima gari likiwa mteremkoni, mambo mawili hutokea, na dereva wengi hawayajui mpaka yawakute. Kwanza usukani huwa mzito. Pili, breki hubadilika. Mguu wako peke yako hauwezi kusimamisha gari kwa urahisi. Husaidiwa na chombo kinachovutwa na pumzi ya injini yenyewe. Injini ikifa, msaada uliobaki ndani ya chombo hicho watosha kukanyaga mara moja, labda mara mbili. Kwa hiyo kama yakikupata, kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie hapo hapo, usiachie. Mimi sikujua. Nilikanyaga, nikaachia, nikakanyaga, nikaachia. Mara ya tatu pedali ilikuwa kama jiwe. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, nikausukuma usukani kuelekea mwambani. Tulisimama pua ya gari ikiwa imegusa udongo wa ukingo.

Mtoto hakuamka. Mama yake hakupiga kelele. Nililiwasha gari, likawaka kama kwamba halikufanya lolote, na tukashuka polepole mpaka Mombo. Pale mama yule alinilipa nauli yangu, akasema asante, na akasema kwamba siku ya kurudi nisijisumbue kumfuata, atapanda basi. Neno hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Niliporudi nilimwita fundi mmoja. Alisikiliza injini kwa dakika chache, akafunua boneti, akafunika, akasema: "Mzee, throtobodi imekufa. Tafuta nyingine." Ya mtumba ilikuwa shilingi 280,000, mbali na ufundi. Fedha hizo nilikuwa nazo, lakini zilikuwa ada ya kitinda mimba wetu. Nilimwambia nitafikiri.

Nilipofikiri, wazo lililokuja lilikuwa la kizee. Ujanani niliwahi kuendesha Land Rover yenye kabureta. Siku zile, injini ikinguruma chini mno gari likiwa limesimama, ulichukua bisibisi, ukageuza skrubu ndogo ya kabureta, mngurumo ukapanda, basi. Mngurumo huo wa gari lililosimama mafundi wetu huuita sailensa. Nikafunua boneti, na kweli, kwenye ile throtobodi niliona skrubu ndogo. Nikaenda kutafuta bisibisi.

Ilikuwa bahati kwamba bisibisi haikuonekana, maana jioni ile ile alifika likizo binti yetu wa pili, aliyesomea ufundi wa magari VETA, naye hufanya kazi gereji Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kula, nikamweleza habari yote. Hakuuliza habari za kona wala fundi. Aliuliza neno moja tu.

"Baba, lilianza siku gani?"

"Siku niliyofunga betri."

Akacheka. "Basi betri haina kosa. Na ile skrubu, baba, tafadhali usiiguse kabisa. Hiyo imepimwa kiwandani."

Kusema kweli, sikufurahi. Mzee kuambiwa na mtoto wake asiguse gari lake mwenyewe! Lakini nilikaa kimya, akanieleza, nami nakueleza wewe jinsi nilivyoelewa.

Injini ya petroli yahitaji vitu viwili ili iwake, petroli na hewa, tena hewa nyingi kuliko unavyodhani: kwa kila gramu moja ya petroli, gramu 14.7 za hewa. Sisi husema "kanyaga mafuta". Kumbe katika magari haya hukanyagi mafuta, wakanyaga hewa. Kati ya eaklina na injini lipo lango, ni bomba fupi la aluminiamu lenye kisahani cha duara ndani yake. Hilo ndilo throtobodi. Ukikanyaga pedali, kisahani hugeuka na kulifungua bomba, hewa huingia, kompyuta ya gari, ambayo mafundi huiita kontroboksi, huipima hewa ile na kupuliza petroli ya kiasi chake. Ukiondoa mguu, kisahani hufunga. Lakini hakifungi kabisa, maana kikifunga kabisa injini itakosa pumzi na kufa. Hubaki upenyo mwembamba kama wa mlango ulioegeshwa tu, na kwa upenyo huo injini hupumua gari linaposimama.

Sasa, ndani ya injini mna mvuke wa oili. Zamani mvuke ule ulitolewa nje hewani. Katika magari haya hurudishwa njia ya hewa ili ukachomwe usichafue. Mvuke huo hugusa kisahani, huchanganyika na masizi na vumbi laini lililopenya eaklina, na mwaka hata mwaka hujenga utando mweusi kandokando ya kisahani, pale pale penye ule upenyo. Ni kama sufuria ya kuni: huoni siku ilipoanza kuwa nyeusi.

Upenyo ukizibwa kidogo, injini hukosa hewa kidogo. Kontroboksi huona, na bila kumwambia mtu hukisogeza kisahani kidogo, upenyo ukarudi kiasi chake. Mwezi ujao uchafu huongezeka, nayo husogeza tena. Tena hukumbuka. Kila ukiwasha gari, huanzia pale ilipoachia. Ndiyo maana gari letu lilikaa miaka lina uchafu wa kutisha nami sikujua neno: lilikuwa limezoea uchafu wake.

Halafu betri ikafa. Kumbukumbu ile hutunzwa kwa umeme wa betri. Betri mpya ilipofungwa, kontroboksi ilikuwa imesahau yote ya miaka yote. Ikakirudisha kisahani mahali pa kiwandani, mahali pa lango safi. Lakini lango halikuwa safi. Injini ikakosa pumzi, ikazima. Unaona sasa? Yule bwana wa betri hakuwa na kosa hata chembe. Kazi yake njema ndiyo iliyofichua uvivu wangu wa miaka.

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa nafikiri habari za gari.

Asubuhi tulianza kazi, nje, uwanjani, mbali na jiko la mama watoto, kwa sababu dawa ya kusafishia ni kali na hushika moto upesi. Kuku na watoto wote waliamriwa kukaa mbali. Kuku walitii. Injini ilikuwa baridi ya usiku kucha, na hilo ni lazima, maana maji ya rejeta hupita pia kwenye lango hilo kwa mipira miwili midogo, na yakiwa ya moto yatakuunguza. Tukaweka mawe kwenye magurudumu. Binti alitoa bomba la eaklina, akalegeza klipu kwa plaizi, akachomoa soketi ya nyaya kwa kubonyeza kikofi chake, si kwa kuvuta nyaya, akachomoa ile mipira miwili na kuiziba kwa boti ili maji yasimwagike. Kisha spana namba 10, nati na boti za lango zikatoka, na lango lenyewe likawa mkononi mwangu.

Nilipochungulia niliona aibu. Ukingo wote wa kisahani ulikuwa umepakwa kitu kama lami. Mwanga haukupita popote.

Kusafisha kwenyewe si kazi ya nguvu. Tulitumia kopo la dawa ya kupuliza iliyoandikwa kwamba ni ya throtobodi, mswaki wa zamani wenye nywele laini, na kitambaa cha pamba kisichotoa manyoya. Usitumie brashi ya waya, wala msasa, wala steliwaya ya kusugulia sufuria. Zinakwaruza, na mkwaruzo mdogo kando ya kisahani ni njia ya hewa ambayo hakuna atakayeizuia tena. Usioshe kwa petroli, moto hauna rafiki. Usiloweshe lango zima kwenye beseni la dawa, kwa kuwa ubavuni lina mota ndogo ya umeme na sensa, na hizo hazitaki kuoga. Alilishika lango upande wa mota ukiwa juu, ili dawa itiririke kuondoka kwenye mota. Akanyunyiza mswaki, si lango, akasugua polepole, akapangusa. Akakisukuma kisahani kwa kidole taratibu kabisa, akakishikilia wazi, akasafisha ukingo wake na nyuma yake, kisha akakirudisha kwa kidole vile vile bila kukiachia kipige. Ndani mna vijino vya plastiki; ukikisukuma kwa hasira utavivunja, na hapo ndipo utakapozihitaji zile shilingi 280,000.

Neno jingine alilonionya mara mbili: usiingize kidole langoni soketi ikiwa imechomekwa na ufunguo umewashwa. Mota ile yaweza kukifunga kisahani ghafula, nacho kina nguvu ya kuumiza kidole. Na ile sensa ndogo inayokaa kwenye bomba la eaklina, inayopima hewa, usiipulizie dawa hii. Ina yake.

Ilituchukua saa moja na nusu, na nusu yake ilikuwa kupangusa. Mwishowe aluminiamu iling'aa, na ukilielekeza lango kwenye jua ulionekana mstari mwembamba wa mwanga kuzunguka kisahani. Tuliitazama ile gasketi ya mpira, haikuchanika, tukairudisha. Nati tukazikaza kwa zamu, mkabala kwa mkabala, kwa kiasi, maana aluminiamu ni laini na nyuzi zake huvuliwa upesi na mtu mwenye kifua.

Hapo ndipo lilipotokea la kutokea. Kabla hatujachomeka soketi, mjukuu wangu, ambaye tulidhani yuko na wenzake, aliingia garini akageuza ufunguo asikilize redio. Redio ikaimba, na kwenye dashibodi ikawaka taa ya manjano yenye mfano wa injini. Kontroboksi ilikuwa imeuliza "lango liko wapi?" na haikupata jibu. Tukazima, tukachomeka soketi, tukaongeza maji ya rejeta kidogo, tukawasha. Injini ilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikawaka na moshi kidogo, mabaki ya dawa hayo, si kitu. Lakini mngurumo! Mshale ulipanda mpaka 1,800 na kubaki hapo, mguu wangu ukiwa chini sakafuni. Taa ya manjano nayo haikuzimika. Mama watoto alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

"Mmeliharibu?"

Sikuwa na la kujibu. Nilimtazama binti yangu, na nakiri kwamba moyoni nilimkumbuka yule fundi, nikaanza kuzihesabu zile fedha za ada.

Yeye alikuwa anafuta mikono tu. "Baba, nusu ya kazi bado," alisema. "Limezoea uchafu. Majuma haya mawili limejifunza tena kufungua lango zaidi ili lipumue. Sasa tumeondoa uchafu, nalo linafungua vile vile, hewa inaingia nyingi mno. Lazima tulifundishe upya."

Wengi hukomea pale tulipofika sisi wakati ule. Husafisha, huona injini inapiga kelele, huogopa, kisha hutafuta skrubu ya kugeuza au huenda kununua lango jingine. Fundi wa haraka naye hukurudishia gari hivyo hivyo akisema litazoea. Kweli, magari mengine huzoea yenyewe baada ya siku chache. Lakini gari lenye kasi ya kujiendesha lenyewe ukiwa umeondoa mguu, nani atashuka nalo Soni?

Alilegeza kichwa cha hasi cha betri kwa spana ile ile namba 10, akakiweka kando, tukaenda kunywa chai. Dakika chache zatosha, lakini sisi tulikaa nusu saa kwa sababu palikuwa na mihogo. Kontroboksi ikasahau lango chafu, ikasahau na ile taa ya manjano. Redio na saa navyo vilisahau vyao, nawe uwe tayari kwa hilo. Tukarudisha kichwa cha betri, tukakikaza vizuri. Kisha aligeuza ufunguo mpaka taa za dashibodi zikawaka, asiwashe injini, akangoja kidogo. Ukitega sikio wakati huo utasikia mlio mwembamba langoni: ni kisahani kinajipima, wapi mwisho wangu wa kufunga. Akazima, akangoja, akageuza tena. Ndipo akawasha injini, na akanikataza nisiguse pedali ya mafuta hata kidogo.

Mshale ulikaa juu kwanza, kama inavyopasa injini ikiwa baridi, kisha ukaanza kushuka kadiri injini ilivyopata joto. 1,400. 1,100. 900. Sisi sote watatu, na mjukuu mkosaji, tulikuwa tunautazama kama watu wanaongoja chungu kichemke. Feni ya rejeta ikazunguka, ikasimama. Mshale ukatua kwenye 700 na kidogo, haukutikisika. Hapo ndipo mahali pake. Magari madogo mengi yaliyokwisha pata joto hukaa kati ya 600 na 800. Akawasha taa kubwa, akawasha kipozahewa, ili kontroboksi ijifunze kubeba mzigo. Mshale ulishuka kidogo, ukarudi. Akakanyaga breki, akaweka gia ya kwendea mbele, akashikilia hapo dakika chache. Injini haikuzima.

Hiyo ndiyo njia ya gari letu. La kwako huenda lina yake. Magari mengi ya Nissan, kwa mfano, hufundishwa kwa pedali, injini ikiwa na joto na ufunguo umewashwa bila kuwasha injini: kungoja sekunde tatu, kukanyaga na kuachia mara tano ndani ya sekunde tano, kungoja sekunde saba, kukanyaga mpaka mwisho kwa sekunde kama 20 mpaka taa ya injini iache kupepesa na kubaki imewaka, kisha kuachia na kuwasha injini upesi. Ukikosea sekunde, waanza upya. Mengine hayakubali mpaka yaunganishwe na mashine ya kupimia. Uliza kabla hujafungua, si baada. Na tena, si kila gari linalozima lina lango chafu. Laweza kuwa na mpira wa hewa uliopasuka, plagi zilizochoka, au pampu ya petroli. Dalili ya lango ni kwamba lazima hasa ukiondoa mguu au ukisimama, na lenda vizuri ukikanyaga. Na kama limeanza siku ya kubadili betri, hapo shuku lango kwanza.

Jioni tulilijaribu kwanza barabara ya tambarare, kusimama na kwenda, kusimama na kwenda. Kesho yake tukashuka Soni na kurudi, yeye akiendesha, mimi nikiwa abiria na mkono wangu karibu na breki ya mkono. Halikuzima. Mpaka leo halijazima, nami eaklina naifungua kila mwezi, maana vumbi la njia yetu silo la kuchezea. Dawa ilinigharimu sehemu ndogo sana ya zile fedha, na ada ililipwa. Mke wa jirani yangu, kwa upande wake, bado hupanda basi.

Ilibaki kazi moja ambayo binti yangu hakuweza kunisaidia. Nilingoja siku ya soko, kwa kuwa niliyoyasema niliyasema mbele ya watu, na siku ya kawaida duka lile huwa tupu. Nikaenda. Watu walikuwepo, wawili watatu niliwatambua. Nilimwambia yule bwana kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba betri yake ni nzima, kipimo chake ni kizima, na kwamba uchafu ulikuwa wangu. Nilimwomba radhi.

Alinitazama kitambo. "Mwalimu," alisema, "mwaka huu wewe ni wa tatu. Wale wawili hawakurudi." Kisha akataka kujua tulifanyaje, ili akija wa nne awe na la kumwambia. Nikamweleza habari ya upenyo, na ya kusahau, na ya kufundisha upya, akinikatiza kwa maswali, mpaka chai ikaletwa. Nilipoinuka kwenda zangu, alichukua kipimo chake, akanifuata mpaka kwenye gari, akafunua boneti, akapima betri tena bila kuombwa. Akanionyesha mshale. Nikautazama sana safari hii.